Matanga ya Mtu Aliye Hai

Kibamba, Dar es Salaam
Masika ndiyo kwanza yameanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia tena mara ya pili, maana najua ile ya kwanza umeiitikia kwa kununa. Simu yetu ya juzi ilikatika ukiwa katikati ya kunigombeza, na neno la mwisho nililolisikia ni kwamba barua haikatiki. Basi hii hapa barua. Keti kwenye mkeka, vaa miwani, usome mwenyewe taratibu kama walivyokufundisha kwenye darasa la watu wazima. Usimpe mtu akusomee. Humu ndani kuna jambo la aibu nililolifanya, na ningependa ulijue wewe kwanza kabla halijafika kisimani kwenu.

Lakini kwanza habari za huko. Magoti yanasemaje baada ya ile dawa ya kuchua? Mahindi yamesimama, au nguruwe pori wameshaingia shambani kama mwaka jana? Na yule jogoo wako mgomvi, bado anawafukuza wageni uani au umeshamchinja? Mimi nilikuwa upande wake siku zote, lakini sikuwa naishi naye.

Sisi wazima. Kifua cha Baba Zuhura kimetulia tangu aache kulala na feni usoni. Mjukuu wako Zuhura anaendelea na chuo, yuko hosteli kule Mabibo, na kila Jumamosi anakuja nyumbani na mfuko wa nguo chafu na njaa ya wiki nzima. Anakula huku anatuambia jinsi ya kuishi. Kazi yangu ya kukodisha viti na maturubai haijalala pia. Watu wanaoa, watu wanakufa, na wote wanahitaji pa kukaa.

Sasa nikwambie mji ulivyo, maana wewe bado unaikumbuka Kibamba ile ya ulipokuja mara ya mwisho. Uliniambia asubuhi hukulala kwa sababu komba walilia usiku kucha kwenye mikorosho ya jirani. Mama, komba hawapo, mikorosho haipo, na yule jirani mmoja amekuwa majirani. Alikata viwanja, akauza, walionunua nao wakakata wakauza, na sasa pale alipokuwa anafunga mbuzi wake zipo familia ambazo sijamaliza kuzijua majina. Kila mmoja ana ukuta, kila mmoja ana geti, na kila geti limepakwa rangi tofauti ili mgeni asipotee. Wanapotea vilevile.

Mimi naupima mji huu kwa turubai. Tulipohamia hapa nilikuwa nasimamisha turubai kubwa popote, nyingine pembeni yake, na wapishi wakabaki na nafasi ya kugombana. Siku hizi kamba moja naifunga kwenye dirisha la mwenye shughuli, nyingine kwenye geti la jirani, ya tatu kwenye nguzo ya umeme ambayo hairuhusiwi, na katikati panaenea watu wa kuhesabika. Kuna msiba ulitokea hapo juu yetu, wanaume wakakaa uchochoro mmoja, wanawake uchochoro wa pili, na sinia za ubwabwa zikapitishwa juu ya ukuta. Sheikh aliomba dua akiwa hawaoni nusu ya waombolezaji.

Na maji nayo hayana pa kukaa. Bati limekutana na bati, uani watu wameweka sakafu ya saruji kwa sababu hawapendi vumbi, kwa hiyo mvua ikishuka haizami hata tone. Inateremka yote kwa pamoja kama watu wanaokimbilia basi. Tena wako wenye tabia ya kusubiri mvua kubwa ndipo watoboe vyoo vyao, maji yabebe, kwa sababu gari la kunyonya haliwezi kuingia kwenye vichochoro tulivyobakiza. Naona umekunja uso. Kunja tu, hata mimi hapa nimeukunja.

Sasa sikiliza kuhusu Mchangani, kwa sababu hapo ndipo yalipo maisha yangu. Ule mto mdogo unaotoka juu, ukifika karibu na sisi unapata uwanda wa mchanga. Kiangazi pale ni uwanja mweupe, watoto wanacheza mpira, na shughuli kubwa zote za mtaa nazifanyia pale. Masika maji yanafika yakiwa na hasira, yanatanda juu ya mchanga, yanachoka, yanazama. Nyumba yangu iko chini yake tu. Unakumbuka masika yaliyopita, baada ya watu wa huko juu kuubana mto kwa kuta zao, maji yalizidi nguvu yakavuka mpaka ndani kwangu, yakalowesha godoro na maturubai yote ya stoo. Ukaniambia kwenye simu: "Yakiingia tena, funga virago urudi nyumbani." Nikaahidi. Nilikuwa nimesimama kwenye tope nikiwa na ndoo mkononi, Mama, na mtu akiwa katika hali ile anaahidi chochote. Lakini ahadi ni ahadi, na wewe hukuisahau, umeitaja kila simu.

Kwa hiyo ujue hivi: Mchangani pakiwa wazi, mimi nabaki Dar. Mchangani pakizibwa, maji yatakuja kwangu moja kwa moja, na mimi nitakuja kwako.

Baada ya mwaka mpya Mchangani pakaanza kuzibwa.

Anayeziba ni mzee mmoja mstaafu, alikuwa karani serikalini. Nyumba yake inapakana na ule uwanda. Mtaa mzima tunamwita Mzee Songea kwa sababu alipohamia alisema ametokea Songea. Tulikuta asubuhi lori limemwaga kifusi pale, matofali yaliyovunjika, vipande vya vigae, masinki ya watu, lundo zima. Mafundi wakasema anainua uwanja, akimaliza anajenga vyumba. Malori mengine yanakuja Jumamosi.

Ungedhani mtu angesema neno. Hakuna. Na sababu yake siyo uoga wa kawaida. Mzee Songea ana kisima uani kwake, maji yake matamu, na bomba la mtaa likikauka, ambalo linakauka linavyotaka, anafungua geti watu wachote bure. Sasa nani anywe maji ya mtu asubuhi halafu jioni akamwambie makosa yake? Kila mmoja alimtazama mwenzake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliitisha kikao, tukaenda tumejiandaa, na kikao kizima kikazungumzia ulinzi shirikishi.

Ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni Mmwera.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Alipozikwa babu, mimi nikiwa mdogo, si Wangoni walilala ndani ya kaburi wakasema marehemu ana deni lao, hawatoki mpaka wapewe kuku? Baba alikuwa analia na huku anacheka. Ukaniambia wale ni watani wetu, na kwamba jambo lililomkaba kila mtu kooni mtani analisema mchana kweupe na hakuna wa kukasirika. Mtani haogopi kisima cha mtu, na Songea si ndiko kwa Wangoni? Nikajiambia, Somoe, hapa mji mzima umekwama, na dawa unayo mwenyewe.

Nikamweleza Baba Zuhura. Unamjua mkwe wako, maneno yake yanatoka kwa foleni. Akatafuna, akameza, akasema: "Una hakika ni Mngoni?"

"Anaitwa Mzee Songea. Unataka na cheti cha kuzaliwa?"

"Mie nauliza tu," akasema, akaendelea na ugali.

Jumamosi asubuhi nikapakia turubai na viti kwenye guta, nikawapitia akina mama wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Niliwaambia tunakwenda kumlilia Mngoni aliye hai, na kwamba kama kuna mwenye aibu abaki nyumbani. Hakubaki mtu. Walikuja na kanga mbili mbili na mikeka, wanacheka njia nzima. Tukalisimamisha turubai pale pale mbele ya lile lundo la kifusi, wanawake chini kwenye mikeka, viti kwa wanaume pembeni, sufuria la chai mafigani. Ungepita hapo ungevua kofia. Zuhura, msomi wetu, alikaa nyuma kabisa amejifunika uso kwa mtandio kama binti asiye na mama.

Nikaanzisha mimi. "Uwii, Mngoni wetu! Maji yamemchukua na kitanda chake! Tulimwambia usilale mtoni, akatwambia mto umekufa. Mto umefufuka, kafa yeye!" Akina mama wakaitikia. Nikaongeza kwamba Wangoni zamani walivamia watu, watu wakaisha, sasa wanavamia maji. Wakaitikia tena, mmoja akaanguka kwa kicheko akaonekana kama amezimia, ikapendeza zaidi.

Lakini matanga ni matanga, Mama. Ukishafunga kanga kichwani na kukaa chini, mdomo unakwenda wenyewe kule uliozoea kwenda. Muuza maandazi akachukua sauti, akasema: "Nani atatupa maji jamani, bomba likikauka? Baba huyu hakumfukuza mtu mwenye ndoo." Mwingine akasema mwanawe alipoungua na uji ni huyu aliyemweka kwenye gari lake akamkimbiza hospitali, tena akakaa naye mpaka jioni. Mwingine akakumbuka barua ya mirathi ya mumewe aliyoandikiwa na mzee kwa lugha ya serikali, na haki yake akaipata. Vicheko vikapungua. Nikageuka nikaona watu wanajifuta machozi, na siyo ya kuigiza.

Katikati ya hayo lori likaja limejaa kifusi. Dereva akaliona turubai, akawaona wanawake chini. Akazima injini, akashuka, akavua kofia, akamuuliza Baba Zuhura kwa sauti ya chini marehemu ni nani. Baba Zuhura akamwambia, "Mwenye kifusi." Dereva akasema pole sana, akapanda lori, akageuza akaenda zake na mzigo wake. Mji huu watu hawaheshimu vitu vingi, lakini turubai la msiba wanaliheshimu.

Nilijiona mshindi. Na hapo ndipo mlango wa Mzee Songea ukafunguka, akatoka na kanzu yake ya kushindia na redio ndogo mkononi. Nikaruka, nikamfunga kanga kiunoni kama watani tunavyofanya, nikapiga kelele kwamba marehemu anatoroka, mkamateni.

Hakuruka, hakucheka. Alisema: "Nani kafa?"

"Wewe, Mngoni we."

Akazima redio yake. "Mama Zuhura," akasema, "mie si Mngoni. Mie Mmatengo, kwetu Mbinga. Songea nilipandia basi tu."

Mama, chai ilikuwa inachemka mafigani na hakuna aliyeinuka kuiepua. Mmatengo na Mmwera wana nini? Hawana kitu. Hakuna utani hapo, hakuna vita vya babu, hakuna deni la kuku. Kama siyo mtani wangu basi sikumtania. Basi nilichofanya ni kumlilia mtu mzima aliye hai mbele ya nyumba yake, na kumfunga kanga, na kumtukania kabila ambalo siyo lake. Huo ni uchuro, tena wa kukodisha viti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini pale ni mchanga, ingenimeza mpaka kiunoni ikaniacha.

Mtu wa kwanza kupumua alikuwa mkewe, Mama Deo, dirishani, amejishika mbavu. "Mngoni mie hapa," alisema, "mtani wangu umemlilia mtu mwingine. Mie nimekaa humu nasubiri zamu yangu, kumbe mnamlilia Mmatengo." Alicheka peke yake. Wanawe walikuwa wametoka, na mkubwa wao, Deo, hakuwa na kicheko hata chembe. "Baba yetu yuko hai mnamwekea matanga," akasema. "Nyie mnamtakia nini?" Mzee akaifungua ile kanga taratibu, akaikunja vizuri, akanipa, akaingia ndani akafunga mlango.

Tulifungua turubai. Baba Zuhura alikunja kamba kwa utaratibu wa mtu anayejizuia kucheka, na mimi nilimchukia siku nzima.

Siku zile zilizofuata sikuwa na raha. Kila nikipita karibu na geti lile nasikiliza. Akikohoa, naumwa mimi. Nilijiambia mzee huyu akipata hata mafua, mtaa mzima watasema Somoe ndiye aliyeyaita, na hawatakuwa wamekosea. Malori hayakuja tena, lakini sikujua kama ni kwa sababu mzee amebadili mawazo au madereva wanaogopa uwanja wenye msiba. Mwisho Baba Zuhura akasema twende tukaombe radhi, akachukua kuku na sukari, akatangulia mbele.

Mama Deo alitupokea. Kuku hakufika kwa mzee. Alimshika mlangoni, akasema huyo ni wake, ni faini ya mtani anayelia bila ruhusa. Nikamwachia kwa moyo mweupe, maana angalau kwa huyu nilikuwa na haki ya kudaiwa.

Mzee alikuwa uani kwenye kahawa yake. Sijakwambia kuhusu kahawa. Alipohamia alileta miche kutoka kwao Mbinga, akaipanda nyuma ya nyumba, akaitunza kama watoto. Kwao ni milima na baridi. Hapa Kibamba ile mikahawa imetoa majani mazuri na imekataa kuzaa, joto hailitaki. Hata hivyo kila mgeni anakaribishwa chini yake na kupewa kahawa ya dukani, na wote tunaisifu kama ya pale.

Nikapiga magoti nikaomba radhi. Aliniinua. "Umenikosea na nimekusamehe," akasema. "Lakini nikuulize. Ungejua mie Mmatengo, ungekuja?"

"Nisingekuja, Mzee."

"Ungefanyaje?"

"Ningenyamaza kama wenzangu. Maji yangeingia kwangu, ningerudi kwetu." Nikamweleza ahadi yangu kwako, yote, mpaka ile ndoo.

Akaweka kikombe chake chini. "Nikwambie kilichoniuma," akasema. "Siyo matanga. Mngoni akijenga mtoni watu watacheka, yataisha. Mmatengo akijenga mtoni ni aibu ya ukoo. Sie kwetu mtoto anafundishwaga maji kabla hajashika jembe." Akatuchorea chini kwa kijiti. Kwao mlima mzima wanauchimba mashimo, wanayaita ngoro, na mazao yanapandwa kwenye kingo zake. Mvua ikija maji yanakaa mle shimoni yanapumzika, hayakimbii na udongo. Alieleza kwa raha, mpaka alipofika mwisho wa mchoro akakumbuka alikoanzia. "Na mie huyo huyo namwaga kifusi. Wanangu wamekuja na wake zao, Mama Zuhura. Wajukuu wanalala sebuleni, kutoka nje naruka miguu. Dalali akanionyesha pale kiangazi, kukavu, akasema huu mto umekufa zamani. Mie nilijua mto haufi. Nilitaka tu kuamini."

Hakuahidi kitu. Alisema atafikiri, na sisi tukanywa kahawa ya dukani tukaisifu.

Nilikaa na wasiwasi wangu, naangalia mawingu, nahesabu maturubai ambayo ningeyauza kabla ya kupanda basi. Halafu asubuhi moja nikasikia majembe nyuma ya ukuta wao. Nikachungulia. Deo na wadogo zake walikuwa wanang'oa mikahawa. Yote, Mama. Mzee amekaa kwenye kiti, mgongo ameugeuzia upande mwingine, redio iko sikioni. Msingi wa vyumba vya wanawe wameuchimba pale pale kahawa ilipokuwa, na kifusi kimechukuliwa na vijana kwa idhini yake kwenda kufukia mashimo ya njia ya juu ambako bodaboda zilikuwa zinaangusha watu. Mchangani pamebaki mchanga.

Tena haikuishia hapo. Mzee ameshika jembe mwenyewe, anapita nyumba za mteremkoni anawaambia watu wachimbe shimo la kupokea maji ya bati, anawachorea chini kwa kijiti kama alivyotuchorea. Wapo waliokubali. Wapo waliosema tangu alipoliliwa amechanganyikiwa. Yeye anacheka, anasema marehemu hana haraka.

Mvua ya kwanza kubwa imekuja jana Jumapili asubuhi, na ndiyo iliyonikalisha niandike. Ilianza sie tukinywa chai. Niliyasikia maji kabla sijayaona. Yalikuja mekundu, yamebeba chupa za plastiki, malapa, nepi za watoto wa watu, na kiti kimoja ninachokijua, kina alama yangu nyuma, na aliyekichukua nitamjua. Nilisimama kizingitini na ufagio, Baba Zuhura na ndoo, Zuhura amepandisha vitabu juu ya kabati. Yakafika Mchangani. Yakatanda. Nikayaona yanapunguza mwendo, yanazunguka, yanajitafutia pa kulala. Yalisogea mpaka kwenye ngazi yangu ya chini, yakailamba, yakakaa hapo. Mvua ilipopungua yakarudi nyuma.

Mzee alikuja na mwavuli akasimama pembeni yangu, tukawa tunatazama maji yanapita juu ya pale ambapo wajukuu wake wangekuwa wamelala. Nikamwambia, "Ile kahawa imeniuma, Mzee."

"Haikuwahi kujaza hata kikombe kimoja," akasema. Halafu akasema, bila kuniangalia: "Siku ile nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango muda mrefu kabla sijatoka. Nikawasikiliza. Mlinililia kisima. Mlinililia yule mtoto aliyeungua. Mlinililia na barua ya mirathi, ambayo mwenyewe nilishaisahau. Hakuna hata mmoja aliyenililia kiwanja."

Nililia, Mama. Safari hii nililia kweli, na mvua ikanisitiri.

Basi maji hayakuingia. Sikufichi, masika ndiyo kwanza yameanza, na watu wa huko juu bado wanajenga. Kahawa ya mzee mmoja haitaiokoa Dar nzima. Kila siku mabasi yanashusha watu stendi ya Mbezi na magodoro yao mabegani, wanatafuta chumba, na mimi siwezi kumwambia hata mmoja wao arudi alikotoka, kwa sababu na mimi nilishuka vilevile, Zuhura mgongoni.

Katika kifurushi utakuta kanga, dawa nyingine ya magoti na sukari. Kanga ya bluu ni ya wifi, mke wa kaka, mwambie nimepokea mbaazi zake na tumezila zote kabla Zuhura hajafika. Msalimie baba mdogo fundi baiskeli, asiache kuvaa miwani anapochomelea. Msalimie shangazi anayetibu watoto, na mwalimu wa madrasa aliyenifundisha, mwambie bado nasoma kwa kufuata kidole. Na ukikutana na Wangoni wowote, wape pole kwa niaba yangu, usiwaambie sababu.

Ahadi yangu kwako iko palepale. Maji yakivuka kizingiti utaniona. Lakini ukiniuliza ninachotaka moyoni, nakwambia bila kuficha, na usiniambie nimeanza uchuro tena. Miaka yote hii nilijua kwamba nikifa huku watanisafirisha haraka, kwa sababu mji huu hauna mtu wa kukaa chini kwa ajili yangu. Siku ile Mchangani niliwaita watu waje kulia kwa mchezo, na nikawaona wanamlilia kweli mtu wa Mbinga ambaye hawana udugu naye wowote. Mama, huku nimepata watu wa kunililia. Niombee nibaki.

Ni mimi mwanao,
Somoe, Mama Zuhura